Sura ya Sita: Baraza na Chemba

Kwenye kila meza ya ofisi ile ya Newala palikuwa na kitu kizito. Mhasibu alikuwa na nusu tofali la kuchoma, amelivika kipande cha kitenge. Katibu muhtasi alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa mchanga. Kijana wa masijala, mwenye karatasi nyingi kuliko wote, alikuwa na betri la pikipiki lililokwisha kufa. Saa tisa alasiri upepo uliamka, mapazia yakajaa kama tanga, na watu kumi na wanne wakashika karatasi zao kwa mkono wa kushoto huku wakiendelea kuandika kwa wa kulia. Hakuna aliyeinua kichwa. Walikwisha kuzoea. Mimi nilisimama mlangoni nikiwatazama, aibu imenijaa, maana ramani ya jengo lile niliichora mimi.

Ilikuwa ofisi ya wazi: ukumbi mmoja, meza kumi na nne, hakuna ukuta katikati, madirisha makubwa pande zote nne. Pacha wake alikuwa Masasi, mwendo wa kilomita sabini hivi. Ramani ile ile, fundi yule yule, bati za msauzi za rangi ile ile. Masasi hawakuwa na matofali mezani. Walikuwa na mataulo shingoni. Taasisi iliyonipa kazi siitaji, kwa sababu kosa halikuwa lao. Walichoomba kilikuwa cha maana kabisa: watu wao wakae pamoja, waonane, wasaidiane, na mteja asizungushwe mlango kwa mlango akiambiwa mwenye faili ametoka. Nikawapa ukumbi, nikadhani nimewapa ushirikiano.

Kwa vitabu nilikuwa nimeshiba. Nilijua kwamba mwaka 1906, huko Buffalo, Marekani, Frank Lloyd Wright alikamilisha jengo la kampuni ya sabuni ya Larkin, na makarani kwa mamia wakakaa kuuzunguka ukumbi mmoja mrefu ulioangaziwa kutoka paa la kioo. Nilijua kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 ndugu wawili Wajerumani, Eberhard na Wolfgang Schnelle, walianza kung'oa kuta za ofisi na kupanga meza kama vichaka vya bustani, mimea ya vyunguni ikigawa kundi na kundi. Nilijua pia habari ya Robert Propst wa kampuni ya Herman Miller, aliyebuni vipande vya kuta vya kuhamishika ili mfanyakazi ajipangie mahali pake. Samani hizo zilitoka mwaka 1968, na muda si muda wenye makampuni wakazigeuza vizimba vya kubanania watu. Hayo yote nilikuwa nayo kichwani. Newala sikuwa nayo.

Na Newala ilikuwa imeandikwa zamani. Mwaka huo huo wa 1906, makarani wa Larkin wakihamia kwenye jengo lao, Mjerumani mmoja aitwaye Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alikuwa akitembea nchi hii: Masasi, Chingulungulu, Newala, Mahuta. Vita vya Majimaji vilikuwa bado havijapoa. Misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa mwaka uliotangulia. Alikuja kuandika mila za watu, na kitabu chake kilitoka mwaka 1908. Humo ndani baraza halikosekani: lile banda lenye paa na pembeni wazi, ambamo shauri la kijiji husemwa, mgeni hupokewa, kesi husikilizwa. Yeye mwenyewe alikaa humo na wazee wakimzunguka, akauliza na kuandika. Humo humo ameandika pia habari za baridi na upepo wa jioni wa Newala. Mzungu wa watu alipita miezi michache tu, akaona. Mimi nilichora nikiwa Dar es Salaam.

Ng'ambo ya Ruvuma, kwenye uwanda wa Mueda, Wamakonde huliita banda hilo shitala. Jina lolote utakalolipa, litazame kwa jicho la fundi. Paa la nyasi limeshuka chini kiasi kwamba mtu mzima huinama kuingia. Kwa hiyo jua halipati njia, na mwanga unaoingia ni ule uliopigwa na ardhi ukapoa. Upepo unapita kwenye usawa wa mtu aliyeketi, siyo juu ya kichwa chake. Nyasi zinameza joto na zinameza sauti pia. Watu thelathini wanaweza kuzungumza humo na mzee aliye pembeni asiumwe kichwa. Na ingawa hakuna kuta, kila mtu anajua upande wake, na nani anasema kwanza. Mimi niliziona kuta zilizokosekana, nikasahau vyote vilivyokuwepo.

Tuanze na jua. Masasi na Newala ziko kusini mwa ikweta kwa karibu nyuzi 11. Mwezi Juni, adhuhuri, jua liko upande wa kaskazini, limeachana na utosi kwa nyuzi 34 hivi. Mwezi Desemba liko kusini, lakini kwa nyuzi 12 tu au 13. Wiki ya tatu ya Oktoba linapita utosini kabisa, na Februari linarudia. Ukishika hesabu hiyo, upenu unajipima wenyewe. Dirisha lenye kimo cha mita moja na nusu linalotazama kaskazini linataka upenu wa mita moja ili jua la adhuhuri la Juni lisiingie ndani. La kusini linatosheka na sentimita 35. Mafundi wetu huweka upenu sawa pande zote kwa sababu paa linapendeza hivyo. Kwa mashariki na magharibi usihangaike na upenu kabisa. Jua la saa mbili asubuhi na la saa kumi jioni linakuja limelala, linapita chini ya upenu wowote. Huko dawa ni ukuta mtupu, au mti. Mkorosho ni mti mzuri kwa kazi hiyo: hauna haraka ya kwenda juu, matawi yake yanalala, na kivuli chake ni kizito. Watu hawaupandi karibu na ofisi kwa kuwa wanauona ni wa shamba.

Mimi niliweka madirisha pande zote nne, sawa kwa sawa. Kwenye karatasi yalipendeza sana.

Halafu kuna tofauti ya juu na chini, ambayo mtoto wa darasa la nne wa huku angenieleza. Masasi iko chini, katikati ya ile milima ya mawe inayoonekana toka mbali. Mawe yale yanakunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda, mita mia kadhaa zaidi. Ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma limelala miguuni pako na Msumbiji ng'ambo. Asubuhi za Juni na Julai kuna ukungu na watu wanavaa sweta. Majengo mawili ya ramani moja katika miji hii ni sawa na kuwapa mvuvi na mchimba chumvi viatu vya aina moja kwa sababu wote wako pwani.

Masasi tatizo lilikuwa hewa. Madirisha niliyaanzishia mita moja na sentimita ishirini kutoka sakafuni, upepo mdogo uliokuwepo ukapita juu ya vichwa na kutoka upande wa pili bila kumgusa mtu. Tulitoboa safu ya matofali ya matundu chini ya madirisha, kimo cha goti. Tukafungua mwanya kwenye kilele cha paa ili joto lililofungiwa juu ya dari litoke, na tukaning'iniza mapanga boi manne. Panga boi halipozi chumba, na wengi hawalijui hilo. Linapoza mtu, kwa kukausha jasho lake. Ndiyo maana linatakiwa liwe juu ya meza, siyo katikati ya chumba ambako hakai mtu. Meneja peke yake alikuwa na chumba, chenye kiyoyozi, na mashine yake ya nje ilikuwa imefungwa kwenye ukuta wa veranda, usawa wa kifua. Wakulima waliosubiri zamu zao walikaa kwenye benchi hapo hapo, wakipuliziwa joto lote lililotolewa chumbani kwa meneja. Tazama ofisi uliyo karibu nayo. Huenda mashine iko hapo hapo.

Newala tatizo lilikuwa kinyume. Tuliziba madirisha matatu ya upande wa mashariki, mlango tukauhamishia upande usiopigwa, na mbele yake tukajenga ukuta mfupi wa kuvunja upepo, kama ule ukuta wa mbele ya mlango wa choo cha shule. Watu walicheka mfano huo, ila karatasi zilitulia.

Maji nayataja upesi, ingawa kwa mkazi wa uwanda ndiyo jambo la kwanza. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto wala kijito. Maji ya mradi husukumwa kwa pampu kutoka bondeni Mitema. Paa la ofisi la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 10 linakupa lita 2,000, ukiwa na mfereji na tangi la kuzipokea. Mimi mfereji niliuacha ili kubana gharama. Ofisi isiyo na maji chooni haina starehe hata ungeweka viti vya ngozi.

Sasa kelele. Hapa ndipo nilipojifunza jambo lililonifanya niandike sura hii.

Niliamini, kama wanavyoamini wengi, kwamba watu wakiondolewa kuta watazungumza zaidi. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Harvard, Ethan Bernstein na Stephen Turban, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wafanyakazi wa makampuni mawili makubwa ya Marekani kabla na baada ya kuhamia ofisi za wazi. Waliwavisha vifaa vya kupima nani anaongea na nani ana kwa ana. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa karibu asilimia 70, na barua pepe zikaongezeka. Nilipoisoma habari hiyo niliikumbuka Newala. Watu waliokaa mita mbili mbili walikuwa wanaandikiana WhatsApp. Niliwahi kumwona mhasibu akimwandikia karani wa stoo, na karani akasoma, akatikisa kichwa, akamjibu kwa kuandika. Hawakuwa wamegombana. Kulikuwa na watu kumi na wawili wengine humo ndani.

Kelele yenyewe haichoshi sana. Mwanadamu anaweza kufanya kazi karibu na mashine ya kusaga. Kinachomchosha ni maneno anayoyaelewa. Jirani yako akiongea na simu, unamsikia upande mmoja tu, na akili yako inajaza upande wa pili bila ruhusa yako. Sasa chukua chumba chenye marumaru chini, vioo pembeni na jipsam juu, vitu ambavyo vyote vinairudisha sauti kama ukuta unavyorudisha mpira, umweke humo mtu anayejumlisha hesabu za msimu. Mvua za Desemba hadi Aprili zilikuwa ni nafuu kwao, maana bati lilipopigwa hakuna aliyesikia cha mwenzake.

Tulikarabati kwa vitu vya hapa hapa. Fremu za mbao, ndani yake sufi, juu yake gunia la korosho lililofuliwa, zikaning'inizwa ukutani na darini mbali na nyaya za umeme, kwa kuwa sufi ni rafiki wa moto. Gunia lililokaa karibu na salfa usilitumie. Wakati wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, ofisi nyingi za huku huhifadhi mifuko ya salfa pembeni mwa ukumbi, kwa siku mbili tu, wanasema, na siku mbili zinakuwa mwezi. Watu wanafanya kazi macho yanawachonyota. Ofisi ya wazi haina pembe: kilicho pembeni kiko kwenye pua za wote.

Kuna kelele nyingine ambayo hakuna kitabu cha ng'ambo kilichonionya juu yake. Salamu. Mlango nilioufungua katikati ya ukumbi ulimtaka kila mgeni apite mbele ya meza zote kumi na nne kabla ya kufika kwa anayemtafuta. Na mgeni wa huku hapiti kimya, siyo mnyama. Atatoa shikamoo kwa anayestahili, atampa mkono anayemfahamu, ataulizwa habari za nyumbani, za shamba, za mgonjwa. Siku ya wageni arobaini, meza kumi na nne, ni salamu 560. Bosi mmoja kijana aliwahi kupendekeza libandikwe tangazo la kuwaomba wageni wasisalimie. Nilimwambia abandike na jina lake chini, awaone wazee watakavyolisoma. Tangazo halikubandikwa. Tulichofanya ni kuipeleka kaunta verandani, dirisha moja pana na benchi lenye kivuli, mgeni akasalimiana na watu wawili ambao ndiyo kazi yao kusalimiwa. Hao wengine anawapungia mkono dirishani, na adabu imetimia.

Ushirikiano wenyewe je? Ule walioniomba tangu mwanzo? Huo nilikwenda kuutafuta ghalani.

Tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anazipeleka kwenye chama chake cha msingi, zinapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, kisha chama kikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa Newala na Tandahimba, kinaupeleka mnadani. Siku ya kupima, kaa pembeni utazame. Mchukuzi anaweka gunia kwenye mzani. Mpima anataja kilo kwa sauti. Karani anaandika, mkulima anazirudia mwenyewe kwa mdomo wake, na yupo mtu anayechota korosho kiganjani, anazitikisa, anasikiliza kama zimekauka. Watu watano, kila mmoja na kazi yake, na akikosea mmoja wanne wanaona hapo hapo. Hakuna aliyewaitia semina ya kufanya kazi kwa pamoja. Kinachowaunganisha ni kwamba wote wanautazama mzani.

Kwenye ukumbi wangu kila mtu alitazama kompyuta yake. Watu kumi na wanne walikuwa chini ya paa moja, na hakukuwa na kitu hata kimoja walichokitazama pamoja. Tukaweka meza moja ndefu ya kusimamia katikati, na juu yake ubao mweupe wa mizigo: gari gani limeondoka, chama gani hakijaleta orodha, malipo ya nani yamekwama benki. Fundi seremala wa Newala aliitengeneza kwa mninga, kimo cha kiwiko cha mtu aliyesimama, makusudi isiwe ya kukalia. Saa mbili asubuhi wanasimama hapo kwa robo saa. Saa nne chai inaletwa hapo hapo, na mihogo, na zikipatikana, ming'oko ya kuchemsha yenye pilipili na ndimu. Mambo mengi ya ofisi ile sasa yanamalizwa kati ya mng'oko wa kwanza na wa tatu. Hapo ndipo WhatsApp ilipopungua.

Lakini hata hapo ofisi ilikuwa bado haijakaa sawa, na aliyenionyesha ni mteja. Mzee mmoja alikuja Newala kufuatilia malipo yake. Jina kwenye akaunti lilikosewa herufi moja, fedha zikarudi. Karani, kijana mwenye heshima zake, alimkalisha, akafungua kompyuta.

"Mzee wangu, yako nimeiona. Ni milioni mbili na laki tatu, inaingia Jumatano."

Alisema kwa sauti ya kawaida. Ukumbi ulikuwa umetulia, na kwenye benchi walikuwepo watu sita, mmoja wao shemeji wa mzee yule. Hakuna aliyegeuka, na kutogeuka kwao ndiko kulikotangaza kwamba wamesikia. Mzee alinyamaza kidogo, akavua kofia, akaivaa tena.

"Mwanangu," akasema, "hili si ungenivuta chemba?"

Chemba. Neno lenyewe tunalo mdomoni kila siku. Tunasema mambo ya barazani, na tunasema kumvuta mtu chemba. Wazee wa baraza, shauri likiwa zito, huinuka wakaenda kando kunong'ona, kisha hurudi na neno moja. Baraza halijawahi kuwa peke yake. Daima limekuwa na pembeni yake. Ofisi ya wazi ya kweli katika nchi yetu, ambayo imekuwepo kabla ya mimi kusoma habari za Schnelle, ni ofisi ya walimu: chumba kimoja, meza zimebanana, madaftari yamejaa mpaka dirishani. Nani hakumwona mwalimu, mitihani ikifika, akibeba kiti chake na rundo la karatasi hadi chini ya mwembe? Ule mwembe ni sehemu ya ofisi. Ila tu haumo kwenye ramani. Watawa wa Kibenediktini wa Ndanda, waliofika huko mwaka ule ule wa 1906, husali pamoja na hula pamoja, na kila mmoja ana chumba kidogo cha kufunga mlango wake. Hawakuona kwamba mlango ule unavunja umoja.

Na haya siyo mambo ya adabu peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mwenye kushika taarifa za mtu azilinde, na sijui ni ulinzi gani ulio chini ya kuzisoma kwa sauti mbele ya shemeji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili za siku ya kazi kwa ajili ya mtoto. Kwenye ukumbi wa vioo pande nne anyonyeshee wapi? Katibu muhtasi wa Masasi alikuwa akijifungia stoo, kati ya maboksi ya karatasi. Anayetaka kuswali adhuhuri alitandika mkeka nyuma ya kabati. Aliyepigiwa simu ya msiba alitoka akalilia kwenye maegesho, mbele ya wateja wote. Hayo yote yalikuwa yakitokea kwenye jengo nililolipigia picha na kulionyesha watu kama mfano wa ofisi ya kisasa.

Tulijenga chemba tatu Newala na tatu Masasi. Mbili ni za mita mbili kwa mbili na nusu, ukuta wa tofali mpaka kwenye paa, siyo mpaka darini, kwa sababu sauti hupanda juu ya dari na kushukia upande wa pili, fundi asikudanganye. Ya tatu ni kubwa kidogo, ina sinki, kitanda chembamba na komeo la ndani. Hakuna iliyoandikwa jina la mtu mlangoni. Meneja alitaka moja iwe yake, na mabishano yakachukua wiki mbili. Mwishowe alipewa meza ukumbini, pembeni, mahali anapoona mlango, kama mwenyekiti wa baraza anavyokaa, naye huingia chemba kwa zamu kama wengine. Kiyoyozi chake kilihamishiwa kwenye chumba cha seva. Amenisamehe, nadhani.

Watu huniuliza chemba ngapi kwa watu wangapi. Kwa nilivyoona, moja kwa kila watu watano hivi, na iwe hatua chache kutoka mezani. Ikiwa mbali hakuna atakayeitumia, ataendelea kunong'ona simuni huku amejifunika mdomo kwa kiganja. Ukiwa na fedha za kujengea kimoja tu, ukumbi au chemba, usijenge ofisi ya wazi kabisa. Bakisha vyumba vyako vya zamani, fungua milango, uweke meza ndefu kwenye korido. Nimeona halmashauri na vyama vya ushirika vikivunja kuta nzuri za matofali ya kuchoma ili kufanana na picha za mtandaoni, na baada ya mwaka wanapandisha mbao za kugawa chumba, zisizozuia jua wala sauti.

Msomaji wangu mwenye mpango wa kujenga, nakuomba jambo moja kabla hujamwita mchoraji, hata akiwa mimi. Uende kwenye kiwanja chako, au kwenye chumba unachotaka kukivunja kuta, uketi humo siku nzima. Iwe Oktoba kama uko Masasi, Julai kama uko Newala. Uwe na karatasi, simu, na mgeni mmoja mwenye siri ya kukuambia. Uandike ni saa ngapi jua limekufikia na kutoka wapi, ni saa ngapi karatasi imepeperuka, na mgeni wako alipotaka kusema alikuvutia upande gani. Huo upande alikokuvutia, uuwekee alama ya chaki sakafuni. Fundi akija, mwonyeshe hiyo alama kwanza.